Mwezi, Kipepeo na Wimbo wa Kale: Namna ya Kupiga Picha za Maumbile Zenye Fumbo

Huku pwani, mtu akitaka kumsifu mwenzake kwa uzuri, humwambia kwamba anang'ara kama mwezi wa kumi na nne. Kwa miaka mingi nilidhani hilo ni pambo la washairi tu, hadi nilipoanza kuupiga picha mwezi unaochomoza baharini upande wa Jambiani, mashariki mwa Unguja, nikagundua kwamba usiku huo wanaousifu washairi ndio hasa anaoutafuta mpiga picha. Usiku wa kumi na nne, kwa hesabu ya mwezi mwandamo, mwezi huwa umekaribia kabisa kujaa, na huchomoza karibu na wakati jua linapozama, yaani mbingu bado zina buluu, mchanga bado unaonekana, na ngalawa zilizotia nanga bado zina rangi zake. Ukichelewa usiku miwili, mwezi machoni ni uleule wa mviringo, lakini unachomoza gizani, na picha unayorudi nayo ni sahani nyeupe juu ya kitambaa cheusi.

Tangu hapo nimekuwa nikiziamini nyimbo za zamani kama mwongozo wa kazi hii, na ninayoyaeleza hapa yametokana na imani hiyo. Ninazungumzia taarab asilia na zilipendwa za muziki wa dansi, na ninazungumzia mwezi na vipepeo kwa sababu ndivyo viumbe na vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kuvipata bila kulipia safari ya mbugani. Anayetumia kamera yenye lenzi za kubadilisha atafaidika na vipimo nilivyovitaja. Mwenye simu naye asiondoke, kwa maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya kifaa kutolewa mkobani.

Hatua ya kwanza: chagua wimbo mmoja na uusikilize mpaka uone mahali

Chagua wimbo mmoja tu. Usichukue orodha ya nyimbo kumi, kwa sababu kila wimbo una mwanga wake, na ukizichanganya utapata picha nzuri mojamoja zisizojuana. Usikilize ukiwa umekaa, bila kufanya kazi nyingine, mara tatu au nne. Mara ya kwanza fuata sauti ya mwimbaji. Mara ya pili iache sauti, ufuate ala: udi unasema nini, fidla zinaingia wapi, ganuni inanyamaza lini. Mara ya tatu chukua karatasi ujibu maswali manne: wimbo huu unaimbwa saa ngapi ya siku, mwanga wake unatoka wapi, nani anasema, na nani hayupo.

Swali la mwisho ndilo kiini. Taarab, tangu enzi za Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, mara nyingi huzungumza na mtu ambaye hajatajwa jina. Anaitwa ua, anaitwa njiwa, anaitwa tausi, na kila msikilizaji humjaza anayemjua yeye. Picha inayoongozwa na wimbo wa namna hiyo inapaswa nayo kumwacha mtu asitajwe. Ukisikia mwimbaji amesema mwezi ukakimbilia kupiga mwezi, utakuwa umetafsiri neno na kuliacha fumbo. Jiulize badala yake: mwezi huu unamwangazia nani asiyekuwepo? Pengine jibu ni kiti kitupu barazani, au ngalawa moja iliyobaki ufukweni baada ya nyingine kuondoka.

Kwa kuwa sipendi kutumia maneno ya watu wengine katika mazoezi, hujitungia ubeti mdogo unaofuata hali ya wimbo niliousikiliza, kisha nikafanya kazi na ubeti huo. Huu ni mmoja wao:

Mwezi umeshachomoza, nami nakungoja wewe,
Kipepeo ameiza, mauani asituwe,
Bahari yanieleza, ya kwamba moyo upowe,
Usije ukanikwaza, kwa safari nichelewe.

Si ubeti wa kushindania tuzo, lakini unanipa mambo manne ya kwenda kuyatafuta: mwezi uliochomoza jioni ile ile unayoanza kungoja, ua lisilo na kipepeo, maji yaliyotulia, na chombo kilicho tayari kuondoka. Nitaurudia tena huko mbele.

Hatua ya pili: ujue mwezi kabla ya kuufuata

Mwezi hukamilisha mzunguko wake wa sura, kutoka mwandamo hadi mwandamo, kwa siku 29 na nusu hivi. Kila siku huchomoza takriban dakika 50 baada ya wakati uliochomoza jana yake. Hesabu hii moja ukiishika, huhitaji programu yoyote ya simu kupanga kazi yako, ingawa programu hizo zipo na ni nzuri kwa kujua dakika kamili na upande wa upeo ambapo mwezi utatokea, kwa kuwa mahali hapo husogea kati ya kaskazini mashariki na kusini mashariki mwezi hata mwezi.

Jiografia nayo ina neno. Mwezi mpevu huchomoza mashariki, kwa hiyo anayeutaka utoke baharini aende Paje, Jambiani, Uroa au Matemwe kwa Unguja, Coco Beach kwa Dar es Salaam, Nyali kwa Mombasa. Mwezi mwandamo, ule mwembamba kama ukucha, huonekana magharibi mara baada ya jua kuzama, na kwa huo Forodhani, ufukwe wa Mji Mkongwe unaotazama magharibi, ni mahali pazuri kuliko pwani yote ya mashariki. Nilipoteza jioni nzima mwanzoni kwa kutojua tofauti hiyo: nilikaa na tripodi, kile kiegemeo cha kamera cha miguu mitatu, upande wa mawio nikisubiri hilali ambayo wakati huo ilikuwa nyuma ya minazi iliyokuwa mgongoni kwangu, ikizama.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa karibu na ikweta tunalo na wapiga picha wa Ulaya hawalipati kirahisi: hilali yetu hulala chali, pembe zake zikielekea juu, mfano wa mtumbwi. Iweke juu ya mtumbwi wa kweli ulioegeshwa mchangani na picha itakuwa na vina bila wewe kuongeza chochote. Siku mbili tatu baada ya kuandama, ukitazama vizuri utaona pia sehemu ya giza ya mwezi ikiwa na weupe hafifu sana. Huo ni mwanga wa jua uliogonga dunia yetu ukaakisiwa kwenda mwezini. Kuunasa kunahitaji kufungua lenzi kwa sekunde moja au mbili, tripodi ikiwa imara.

Angalia pia maji. Bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, huja nyakati za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na hapa kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia takriban mita 4. Siku za mwezi mpevu, maji ya Unguja hujaa karibu na saa kumi alasiri, kisha huanza kupwa. Kwa hiyo mwezi unapochomoza baada ya saa kumi na mbili jioni, bahari imeanza kurudi nyuma na kuacha mchanga uliolowa, unaong'aa kama kioo. Kioo hicho hudumu kwa muda mfupi kabla maji hayajanyonywa na mchanga, nacho ndicho ninachokiita utao wa picha, yaani nusu ya pili inayoijibu ya kwanza, kwa sababu nitakazozieleza.

Hatua ya tatu: piga mwezi kama kitu kinachoangaziwa na jua

Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kudhani kwamba kwa kuwa ni usiku, mwezi nao ni kitu cha giza. Mwezi ni jiwe linalopigwa na jua kali la mchana. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, itaona anga nyeusi, itafungua lenzi kwa muda mrefu, na mwezi utageuka kuwa doa jeupe lisilo na alama hata moja usoni.

Kanuni ya zamani ya wapiga picha wa filamu bado inafaa: kwa mwezi mpevu ulio juu, weka apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) f/11 na kasi ya shata (muda ambao mwanga unaachiwa uingie) inayolingana na ISO (wepesi wa kamera kuuhisi mwanga), yaani ISO 100 kwa sehemu ya 1/100 ya sekunde, ISO 200 kwa 1/200. Mwezi wa nusu unahitaji mwanga zaidi, f/5.6 hivi, na hilali zaidi ya hapo. Mwezi ulio karibu na upeo nao hufifia na kuwa mwekundu kwa sababu mwanga wake hupita katika hewa nyingi inayotawanya rangi ya buluu, hivyo anza kwa kuongeza mwanga mara mbili au nne, kisha upunguze kadiri unavyopanda. Usizembee na kasi, kwa maana mwezi husafiri angani umbali wa upana wake wenyewe kila baada ya dakika mbili, na kwenye lenzi ndefu mwendo huo huonekana. Chagua mpangilio wa rangi wa mwanga wa mchana badala ya ule wa kamera kujiamulia. Ukiacha kamera iamue, itauosha wekundu ule wote ambao ndio uliokutoa nyumbani.

Sasa tuingie katika ukubwa, jambo linalowasumbua wengi. Mwezi machoni petu una upana wa nusu nyuzi tu. Ule ukubwa unaouona ukichomoza ni macho yanadanganywa na minazi na nyumba zilizo karibu nao, kamera haidanganyiki. Ukitaka mwezi uonekane mkubwa kando ya kitu, kimbia mbali na kitu hicho kisha utumie lenzi ndefu. Kuna hesabu rahisi: zidisha urefu wa kitu kwa 110, na hapo ndipo utakaposimama ili kitu na mwezi vilingane. Mtu wa mita 1.7 atalingana na mwezi ukiwa takriban mita 190 kutoka kwake. Tanga la jahazi lenye kimo cha mita 8 litalingana nao ukiwa karibu mita 900. Pima umbali huo mchana, weka alama ya jiwe au kijiti, na jioni usihangaike.

Kwa mwenye simu, ushauri wangu ni kuacha kuufukuza uso wa mwezi. Lenzi ya simu ni pana, mwezi ndani yake ni nukta, na baadhi ya simu hutambua mwezi na kuunoa kwa programu hata ukaonyesha mabonde ambayo lenzi haikuyaona. Tumia simu kwa kile inachokiweza: njia ya mwanga juu ya maji, kivuli cha mnazi kilichopigwa na mbalamwezi, mwezi mdogo kabisa juu ya bahari kubwa. Ubeti wangu ulisema bahari inanituliza moyo, na udogo wa mwezi katika picha pana ya maji unasema hivyo vizuri zaidi kuliko uso wake uliokuzwa.

Mbalamwezi yenyewe, yaani mandhari inayoangazwa na mwezi mpevu, ni fani nyingine. Jaribu ISO 800, apacha f/4 na sekunde 15 juu ya tripodi, kamera ikijifyatua yenyewe kwa kipima muda ili kidole chako kisiitikise. Picha itatoka na giza kidogo, na iache hivyo. Ukiongeza mwanga mpaka ukaona kila jani, utakuwa umetengeneza mchana wenye nyota.

Hatua ya nne: mfuate kipepeo kupitia mmea wake

Vipepeo hawapatikani kwa kukimbizwa. Wanapatikana kwa kujua wanakula nini, wanataga wapi na wanaamka saa ngapi. Damu yao haina joto la kudumu, kwa hiyo asubuhi, kabla jua halijashika, hukaa na mbawa zimefunguka wakiota jua, nao huwa wazito kuruka. Kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi ndipo pa kufanyia kazi. Saa sita mchana utakuwa unapiga picha za mahali ambapo kipepeo alikuwa.

Majira nayo yana sehemu yake: baada ya mvua za masika na vuli, majani machanga yanapochipua, vipepeo huongezeka, ilhali upepo wa kusi hutikisa maua kiasi cha kumchosha mtu mvumilivu. Palipo na matope yenye unyevu, hasa pembezoni mwa njia za msituni, utaona madume wamekusanyika wakifyonza chumvichumvi. Lala chini kifudifudi na utapata kundi zima. Ndizi iliyoiva hadi kuanza kuchacha, ikiwekwa kwenye kivuli cha miti, huwavuta wale wenye mbawa nene wasiojali maua.

Asiye na bustani aende penye wafugaji. Jozani, huko Unguja, kuna hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, na jirani yake, pale Pete, kuna kituo cha vipepeo chenye bustani iliyozungushiwa wavu. Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, mradi uitwao Kipepeo ulianza mwaka 1993, ukinunua kutoka kwa wanakijiji pupa wanaowafuga (pupa ni kiwavi aliyejifunga gandani kabla ya kuwa kipepeo) ili msitu uwe na faida ukiwa umesimama. Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wapo wafugaji wa namna hiyo pia. Ninapendekeza mahali hapa kwa sababu ada unayolipa ina maana, na kwa sababu walezi wake watakufundisha katika nusu saa mambo ambayo mimi nimeyapata kwa miaka.

Hata hivyo, darasa langu kubwa ni mdimu ulio nyuma ya jiko letu. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, hutaga mayai yake mojamoja kwenye majani machanga ya midimu, milimau na michungwa. Kiwavi akiwa mdogo hufanana kabisa na kinyesi cha ndege, hudhurungi yenye mabaka meupe, na ndege humpita bila kumgusa; akikua hugeuka kijani, na ukimsumbua hutoa kichwani pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Wakulima humwona mharibifu, na kwenye kitalu cha miche kweli anaharibu. Kwenye mdimu mmoja uliokomaa wa nyumbani hana hasara ya kutisha, nami nimewaomba wa nyumbani wamwachie matawi mawili.

Kwa picha za karibu, jipange usawa wa mbawa, kamera ikitazama uso wa ubawa moja kwa moja, ili ubawa wote uwe makini, yaani uonekane wazi bila ukungu. Ukisimama kwa mshazari, nusu itafifia. Kipepeo huyu anapofyonza ua huwa hatulii, mbawa zake za mbele hutetemeka muda wote, na kasi ya 1/1000 ya sekunde ndiyo mwanzo. Ukiwa unataka kuonyesha mtetemo wenyewe, shuka hadi 1/60, jicho na mwili vikae makini huku mbawa zikiwa moshi. Kwa wimbo wenye fidla za haraka, picha ya namna hii inafaa zaidi ya ile iliyoganda. Usimshike mbawa kwa hali yoyote. Vumbi linalobaki vidoleni ni magamba yake madogo, hayaoti tena. Wala usimtie kwenye jokofu ili apoe na kutulia. Wapo wanaofanya hivyo, na kipepeo aliyekaa kwa baridi huonekana hivyo hivyo kwa anayewajua, miguu haikulishika jani.

Na kumbuka ubeti: kipepeo amekataa kutua. Picha ya ua tupu lililoinama kidogo, kana kwamba mtu ameondoka juu yake sasa hivi, ni picha ya kipepeo vilevile.

Hatua ya tano: wakutanishe mwezi na kipepeo asubuhi

Wengi huamini kwamba viwili hivi havikutani, kwa kuwa mwezi ni wa usiku na kipepeo ni wa mchana, hivyo huviunganisha kwenye kompyuta, au humtumia nondo badala ya kipepeo. Nondo ni mdudu mzuri na anastahili mwongozo wake mwenyewe. Lakini mwezi na kipepeo hukutana, tena kila mwezi, na watu hawainui macho tu.

Kuanzia asubuhi ya tarehe kumi na saba hadi ishirini ya mwezi mwandamo, mwezi huwa bado upo magharibi jua likiwa limekwisha kuchomoza mashariki. Tarehe kumi na nane, saa mbili asubuhi, utauona ukiwa umeanza kuliwa upande mmoja, mweupe kama karatasi katika anga ya buluu, kimo cha ngumi mbili na kidogo juu ya upeo ukinyoosha mkono. Huu ndio wakati uleule kipepeo anapoota jua. Jua liko mgongoni kwako, linaziangazia mbawa na linauangazia mwezi, na kwa kuwa vyote viwili vinapigwa na jua moja, kipimo kimoja cha mwanga kinavitosha vyote.

Usitumie lenzi ya karibu hapa. Ukimkaribia kipepeo sana, mwezi huyeyuka kabisa nyuma yake. Rudi nyuma mita 5 na lenzi ya milimita 300, funga apacha hadi f/16, weka ISO 400 au 800 na kasi kati ya 1/250 na 1/500. Kipepeo mwenye upana wa sentimita 10 atatokea akiwa zaidi ya mara mbili ya upana wa mwezi, na mwezi utakuwa na kingo laini lakini utambulike. Inama, piga magoti, panda ngazi, fanya lolote mpaka tawi na mwezi vikae pamoja. Mara nyingi hatua moja ya kushoto inatosha kuuhamisha mwezi kutoka nyuma ya jani hadi mahali unapoutaka. Kama unapenda vyote viwe makini kabisa, piga mbili bila kuigusa tripodi, moja ukilenga kipepeo na nyingine ukilenga mwezi, kisha uziunganishe, na unapoionyesha picha useme kwamba ni mbili. Ninaipenda zaidi ile moja yenye mwezi laini.

Hatua ya sita: panga fremu kama mshororo

Shairi la tarbia lina mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili vya mizani nane, ukwapi na utao, na kuna kina katikati na kina mwishoni. Sijapata fundisho la upangaji wa picha linaloufaa mkono wangu kuliko hilo. Igawe fremu yako mara mbili, kwa wima au kwa ulalo. Ukwapi useme jambo, utao ulijibu. Mwezi juu, mchanga uliolowa chini: mchanga ndio utao. Kipepeo kushoto, mwezi kulia. Kisha utafute kina, yaani kitu kimoja kinachojirudia pande zote mbili, kiwe rangi au umbo: manjano ya madoa ya ubawa na manjano ya mwezi unaochomoza, au duara la mwezi na duara la dafu lililotupwa kando ya njia. Pasipo kina, viwili hivyo vitakaa pamoja kama abiria wasiojuana.

Ukitaka mfululizo wa picha badala ya moja, fuata mpangilio wa onyesho la taarab. Anza na bashraf, yaani ala bila sauti: picha ya mahali patupu, kabla ya mwezi na kabla ya kipepeo. Kisha beti, picha tatu au nne zenye habari mpya kila moja. Kati ya beti irudishe picha ya kiitikio, pale pale ulipopiga mwanzo, pembe ileile, ila mwanga umebadilika. Nimetumia mlango wa boma bovu la pwani kama kiitikio kwa mwaka mzima, na kila ninapourudia unaonekana umesikia kitu tangu mara ya mwisho.

Wakulima wa mwani huwa majini nyakati za bamvua, na mwanga wa saa hizo utakushawishi. Wasalimie kwanza, waeleze unachofanya, uombe, na ukikataliwa geuza kamera upande mwingine. Baada ya kazi ufukweni futa kamera na miguu ya tripodi kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu.

Hatua ya saba: mhesabu kipepeo kwa mwezi

Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Kiwavi wa mdimu akikomaa huacha kula, hujifunga uzi mwembamba kiunoni kwenye kijiti, na hugeuka pupa. Kwa joto la huku kwetu hukaa hivyo takriban wiki mbili hadi tatu. Siku ya kutoka inapokaribia, ganda huwa jeusi na ukitazama vizuri utaona manjano ya mbawa ndani yake. Hutoka mara nyingi asubuhi, mbawa zikiwa zimekunjamana kama kitambaa kilichotoka kukamuliwa, kisha huning'inia akizisukumia maji ya mwilini hadi zinyooke, na baada ya hapo huendelea kuning'inia, haruki, kwa saa moja na zaidi. Hakuna wakati mwingine katika maisha yake atakapokaa tuli kiasi hicho kwa hiari yake, na mbawa zake hazijapungukiwa na gamba hata moja.

Kwa hiyo, pupa aliyejifunga siku za mwanzo wa mwezi mwandamo anaweza kutoka kati ya kumi na sita na ishirini na tatu, na ndani ya siku hizo zimo zile asubuhi nne ambazo mwezi huwa magharibi juu ya paa la jirani. Andika tarehe aliyojifunga. Angalia kijiti kinatazama wapi, na kama kuna tawi linaloziba magharibi lifunge pembeni kwa kamba mapema, bila kulikata na bila kumtikisa. Weka alama ya miguu ya tripodi ardhini kwa chokaa. Chagua wimbo wako siku hizo za kungoja, uusikilize jioni.

Mwezi umeandama juzi, na jana alasiri kiwavi mmoja kwenye mdimu wetu alijifunga uzi kwenye kijiti kinachotazama machweo. Alama za chokaa nimeshaziweka, mita 5 kutoka shinani, na watoto wameambiwa kuku wasipite huko.